Kufanywa Wana, na Bado Kungojea

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 16:1-6, Kutoka 2:1-10, Ayubu 24:9, Zaburi 109:9, Isaya 10:1, 2, Luka 18:1-8, Warumi 8:14-25, Yakobo 1:27.

Mwaka 2013 dada mmoja mzaliwa wa Kingolwira alirudi nyumbani kutoka Ujerumani akiwa na likizo ya majuma matano. Mdogo wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaacha binti wa miaka miwili. Mtoto alikuwa akilelewa na bibi yake, yaani mama mzazi wa dada huyu, mjane, katika nyumba ya tofali za kuchoma ng'ambo ya reli. Dada yetu na mumewe hawakuwa wamejaliwa mtoto. Waliona jambo liko wazi: mtoto hana mama, wao hawana mtoto, na damu ni moja. Majuma matano yangetosha kukamilisha karatasi, kisha wangeondoka naye.

Ilichukua miaka mitano. Darasa letu la Shule ya Sabato lilimwombea muda wote huo, na kadiri tulivyoomba ndivyo tulivyojikuta tukibishana. Je, kungojea kule kulikuwa ukuta uliojengwa mbele ya upendo? Au kulikuwa sehemu ya upendo wenyewe, ambayo sisi hatukuipenda kwa sababu ni ndefu? Swali hilo ndilo tunalolichukua juma hili, kwa maana halihusu familia moja tu. Kila mmoja wetu aliyebatizwa ameambiwa kwamba amefanywa mwana wa Mungu, na kila mmoja bado anazika wapendwa wake, bado anaugua, bado anangoja.

Neno la kwanza alilokutana nalo dada yetu ofisini lilimuumiza: wewe ni mgeni. Alikuwa amechukua uraia wa Ujerumani, na sheria za Tanzania hazimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo mwanamke aliyezaliwa Kingolwira, aliyebebwa mgongoni kwenda kanisani Kingolwira, alihesabiwa katika kundi moja na mtu ambaye hajawahi kuuona mlima wa Uluguru. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inamtaka asiye raia anayeomba kuasili mtoto awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Lazima kwanza amlee mtoto huyo chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Alete uthibitisho kwamba hana rekodi ya uhalifu, na barua ya mamlaka ya nchi yake inayosema kwamba anafaa kulea. Halafu aende Mahakama Kuu na kuiridhisha kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo. Mtoto mwenyewe hakuwa hata na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo safari ilianzia RITA, kabla ya hatua nyingine yoyote.

Kikwazo cha pili hakikutoka serikalini. Kilitoka kwa mjomba.

Wasomaji walio nje ya Morogoro wavumilie maelezo kidogo hapa. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi ya ukoo hupita huko huko, si kwa baba. Mjomba, kaka wa mama, ndiye mwenye sauti katika mambo mazito. Na dada wa mama si shangazi, wala si mlezi: ni mama. Kwa hiyo dada yetu alipopanda Kinole kumwarifu mjomba wake kwamba anataka kumuasili mtoto wa marehemu, mzee yule alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, unaasili nini? Huyu si wako tayari?"

Alieleza habari ya mahakama na pasipoti. Mzee akasikiliza. Akauliza tena: karatasi hiyo itamwandika nani kuwa mama yake? Aliposikia kwamba baada ya amri ya mahakama mtoto huhesabiwa kisheria kuwa amezaliwa na wale waliomuasili, aliinamisha kichwa. Binti yule ndiye aliyebaki kwa upande ule wa ukoo. Shamba la migomba lililoko juu lingekuwa lake na la watoto wake. Mzee hakuwa akibishana na upendo wa dada yetu. Alikuwa anauliza mtoto ataondoka na nini, na sisi tutabaki na nani.

Ni rahisi Mkristo wa mjini kucheka maswali ya namna hii na kuyaita mila. Nadhani tungekosea. Soma Kutoka 2:1-10. Binti Farao alimwona mtoto wa Kiebrania katika kisafina, akamhurumia, akamlea kuwa mwanawe. Tunapenda kulihubiri tendo hilo, nalo ni jema. Lakini angalia mkono wa Mungu ulivyofanya kazi katikati ya hadithi: mama mzazi hakufutwa. Miriamu alisimama karibu, akauliza swali moja la busara, na Yokebedi akaitwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, tena kwa mshahara wa nyumba ya mfalme. Musa alikua na jina la Kimisri huku akijua ndugu zake ni akina nani. Kama Yokebedi angeondolewa katika kisa hicho, je, Musa wa sura ya 2 fungu la 11, anayetoka kwenda kuwaona ndugu zake, angetokea wapi?

Katika mwezi wa tatu wa mahangaiko, mtu mmoja alimletea dada yetu njia fupi. Alimwambia kwamba cheti cha kuzaliwa bado hakijatolewa, na hilo ni bahati yake. Aandikwe yeye kuwa ndiye aliyemzaa. Mtu anayejua kazi hiyo yupo, gharama si kubwa, na ndani ya mwezi mmoja mtoto atakuwa na pasipoti. Hakuna atakayeumia. Nani angelalamika? Marehemu?

Darasa letu liligawanyika, sitaficha. Wapo waliotaja wakunga wa Kiebrania. Wapo waliosema kwamba sheria iliyomwita mgeni nyumbani kwao haistahili heshima yote hiyo, na kwamba mtoto anakua wakati watu wazima wanapanga mafaili. Mama mmoja wa Dorkasi alisema wazi kwamba angekuwa yeye angekubali, kisha angeungama baadaye. Tulicheka, lakini hatukucheka sana.

Soma Mwanzo 16:1-6. Abramu na Sarai hawakutaka kitu kibaya. Walitaka kile kile ambacho Mungu alikuwa amekwisha kuwaahidi. Walichoshindwa ni muda, na aliyelipa gharama ya haraka yao ni Hajiri na mtoto wake. Hilo ndilo la kutazama katika njia fupi yoyote: si tu kama sheria imevunjwa, bali mzigo umemwangukia nani. Dada yetu alilala na swali hilo usiku kucha. Asubuhi alimwambia mama yake kwamba hawezi, na sababu aliyotoa haikuwa hofu ya polisi. Alisema, "Nikiandikwa mimi ndiye niliyemzaa, mdogo wangu atakuwa hajawahi kuzaa. Atakuwa amekufa mara mbili."

Basi akaandika barua ya kuacha kazi. Mumewe alibaki Ujerumani, maana mshahara mmoja ulikuwa lazima. Mwanzoni mwa 2014 alirudi Kingolwira, akalala chumba kile kile alicholala akiwa msichana, na kuanza kuhesabu miaka mitatu.

Ni haki kuuliza kwa nini njia imefanywa ndefu hivi. Jibu halikuanza na watu kama yeye. Mwezi Oktoba 2007, huko Abéché nchini Chad, watu wa shirika moja la Ufaransa walikamatwa wakiwa tayari kuwapandisha ndege watoto 103. Walisema ni yatima wa vita vya Darfur. Ilibainika kwamba walio wengi walikuwa watoto wa Chad yenyewe, na wengi wao walikuwa na mzazi angalau mmoja aliye hai. Wazazi walikuwa wameambiwa habari za shule. Sina shaka kwamba baadhi ya wale waliokuwa wakiwasubiri watoto hao Ufaransa waliomba na kufunga, wakaandaa vitanda. Nia yao njema haikubadili yale yaliyokuwa yakifanyika kiwanjani.

Baada ya hapo milango ilianza kufungwa, mmoja baada ya mwingine. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini Septemba 2013, na familia zilizokuwa zimekwisha kupata hukumu za mahakama zilikaa miaka miwili na zaidi zikiwatumia watoto wao picha na nguo za kukisia ukubwa, hadi wengi waliporuhusiwa mapema 2016. Kenya ilisimamisha uasili wa kwenda nje Novemba 2014. Uganda ilirekebisha sheria yake 2016, ikamtaka mgeni akae nchini na kumlea mtoto mwaka mzima kwanza. Ethiopia ilipiga marufuku kabisa Januari 2018. Kila mlango uliofungwa uliwaokoa watoto fulani wasichukuliwe kwa udanganyifu, na kila mlango uliwaacha watoto wengine ndani ya makao ambako hakuna aliyekuja. Yote mawili ni kweli, na mtu anayekuambia moja tu kati ya hayo hajamaliza kusema.

Hapa Maandiko yanatusaidia kwa namna ambayo sikuiona mpaka nilipoanza kuandaa somo hili. Tunaposema yatima tunafikiri mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa hivyo humhusu hasa mtoto asiye na baba. Soma Zaburi 109:9. Watoto wamekuwa yatima na mke amekuwa mjane: mama yupo. Sasa soma Ayubu 24:9. Ayubu anawahesabu waovu wa siku zake, na kati yao wamo wanaomnyakua yatima kutoka kifuani. Kifua cha nani, kama si cha mama yake? Yatima wa Biblia mara nyingi ana mtu anayempenda na asiye na uwezo. Ndiyo maana Torati na manabii huwataja pamoja bila kuchoka, yatima na mjane. Ni nyumba moja yenye njaa moja. Anayetaka kumsaidia yatima anapaswa kuanza kwa kuuliza ni nani amemshika, na kama mikono hiyo inaweza kutiwa nguvu kabla ya kuachanishwa na mtoto. Sheria yetu, katika kifungu cha 4, inaweka maslahi ya mtoto kuwa jambo la kwanza kuzingatiwa. Ayubu angeielewa.

Lakini tusifanye kila ucheleweshaji kuwa mtakatifu. Miaka mitatu ilipotimia, mwanzoni mwa 2017, faili la dada yetu halikuonekana katika ofisi moja. Lilitafutwa majuma kumi na moja. Lilipatikana chini ya mafaili mengine, kwenye meza ile ile alikoliacha. Mara mbili alisafiri kwenda Dar es Salaam alfajiri na mtoto, karibu kilomita 200, akaambiwa warudi tarehe nyingine. Hakuna mtoto aliyelindwa na majuma yale kumi na moja. Soma Isaya 10:1, 2, na ujiulize kama ole ile inamhusu anayeandika amri mbaya peke yake, au inamfikia pia anayeikalia amri njema. Ndugu unayefanya kazi katika ofisi ya umma na unasoma lesoni hii: jalada lililo mbele yako lina umri, na mtoto aliye ndani yake ana umri. Mwaka wa mtoto wa miaka minne ni robo ya maisha yake.

Mjane wa Luka 18 hakuambiwa angoje kwa unyamavu. Alirudi, akarudi tena, mpaka hakimu akachoka, na Bwana Yesu alimweka awe kielelezo cha maombi. Dada yetu alijifunza hilo. Alikuwa akipanda daladala kwenda Msamvu kila Jumatatu, amevaa gauni lake la kanisani, na kumwamkia kila karani kwa heshima. Hakutoa bahasha. Alikaa kwenye benchi tu. Mwishoni walimjua kwa jina.

Sasa twende kwa Paulo. Soma Warumi 8:14-25 polepole, ukiweka kidole kwenye fungu la 15 na kingine kwenye fungu la 23. Katika la kwanza, tumekwisha kupokea Roho ya kufanywa wana, na kwa huyo tunamwita Mungu Baba. Katika la pili, mafungu manane tu mbele, tunaugua tukitazamia kufanywa wana. Paulo amesahau alichoandika? Hapana. Wasomaji wake wa Rumi walijua mambo haya ya kuasili kuliko sisi. Mfalme aliyekuwa akiwatawala wakati waraka huo ulipoandikwa, karibu na mwaka 57, alikuwa Nero, na Nero aliketi kwenye kiti kile kwa sababu Klaudio alikuwa amemfanya mwanawe mwaka 50, akimpita mwana wake wa kumzaa. Warumi wakubwa waliasili hasa ili wapate mrithi. Aliyehitaji alikuwa baba: alihitaji jina lake liendelee. Mara nyingi aliyeasiliwa alikuwa mtu mzima, aliyechaguliwa kwa manufaa yake.

Paulo analichukua neno hilo la Kirumi na kuligeuza. Mungu hana upungufu wa Mwana. Anaye. Kwa hiyo anapotufanya wana, hafanyi hivyo ili kujaza chumba kitupu nyumbani kwake. Anafanya kwa ajili yetu. Hilo lilikuwa fungu gumu kwa dada yetu, na alituambia hivyo darasani mwenyewe, mwaka wake wa pili wa kungoja. Alisema kwamba aliposhuka uwanja wa ndege mwaka 2013 alikuwa amekuja kuchukua. Alikuwa na huzuni ya miaka tisa ya kutopata mtoto na huzuni ya kufiwa na mdogo wake, na mtoto yule alikuwa dawa ya zote mbili. Hakumjua. Hakujua kwamba anaogopa kuku, kwamba hali ugali mpaka umekwisha kupoa, kwamba usiku hushika sikio la bibi yake ndipo apate usingizi. Alijua hayo kwa kukaa. "Majuma matano," alisema, "ningembeba kama mzigo."

Na mtoto je? Wakati wote huo tayari alikuwa akimwita mama. Alianza kumwita hivyo mwezi wa pili, bila kuuliza mahakama. Hakimu alipotia sahihi mwaka 2018 hakumwanzishia kitu asichokuwa nacho, lakini pia hatuwezi kusema sahihi ile ilikuwa bure, kwa maana bila hiyo mpaka wa nchi haumjui mtoto anamwita nani mama. Alikuwa naye na alikuwa akimngoja. Nafikiri mtu aliyeishi hivyo miaka minne anaweza kulisoma fungu la 15 na la 23 bila kuona mgongano. Swali kwa darasa: katika maisha yako, ni wapi umekuwa ukijiona kana kwamba hujapokelewa bado, kwa sababu tu karatasi ya mwisho haijatoka?

Mjomba alikuja mahakamani. Alivaa koti. Alipoulizwa kama ukoo una pingamizi alisema hauna, ila aliomba jina la mama mzazi lisimalizike, na mtoto aambiwe. Dada yetu alimpa pale pale jina la marehemu kuwa jina lake la kati. Waliondoka Septemba mwaka huo, mtoto akiwa na miaka minane.

Hatuwezi kulifunga somo hapo, kwa sababu ya Yakobo 1:27. Wengi wetu tunalijua kwa moyo, kuhusu dini iliyo safi na kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Katika kisa hiki yatima na mjane walikuwa wakiishi nyumba moja, ng'ambo ya reli. Tulimwombea yatima miaka mitano, akapata. Mjane alibaki. Alipewa simu yenye picha, na hupigiwa kila Jumapili jioni, ingawa mtoto sasa huchanganya Kiswahili na Kijerumani na bibi hucheka tu bila kuelewa. Alitoa idhini yake mbele ya afisa bila kulia. Mwanamke jirani alituambia kwamba kwa muda mrefu baadaye aliendelea kupika kwa sufuria ile ile kubwa.

Maombi ya darasa letu kwa familia ile yalisimama Sabato iliyofuata safari. Tulitoa shukrani, tukaimba, tukaingia somo jipya. Ilipita miezi miwili kabla mama yule wa Dorkasi, yule aliyetuchekesha, hajasimama na kuuliza kama kuna yeyote kati yetu aliyekwenda ng'ambo ya reli tangu Septemba. Jadilini jambo hili katika kikundi chenu kabla ya kufunga: katika kanisa lenu, ni nani aliyebaki nyumbani baada ya maombi yenu kujibiwa? Sisi tulipokwenda, Sabato ile alasiri, bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alituuliza tumetoka kwa mgonjwa gani.